Askari wa kaunti Marekani anakukamata kwa leseni, unaishia mikononi mwa uhamiaji. Mamlaka hayo anayatoa wapi?

#1 Mwana_Kigoma
Wakuu, habari za wakati huu.

Binamu yangu yuko Georgia tangu 2016. Aliingia kwa viza ya masomo, baadaye akaomba hifadhi, akapata kibali cha kazi. Kule kwao leseni ya udereva kwa mtu wa aina yake inaisha siku ileile kibali kinapoisha. Kibali kikaisha huku maombi ya kuhuisha yakiwa bado mezani, leseni nayo ikafa. Hakuacha kuendesha, kwa sababu kazini ni maili 22 na basi hakuna.

Mwezi uliopita alisimamishwa usiku na askari wa kaunti (kaunti siitaji, kesi ingali mbichi). Taa moja ya nyuma ilikuwa haiwaki. Akaulizwa leseni, ikaonekana imekwisha muda, akapelekwa jela ya kaunti. Tukachanga dhamana kwenye grupu la ukoo, ikalipwa, mkewe akaenda kumsubiri mlangoni na mtoto mgongoni. Hakutoka. Wakamwambia ICE, yaani idara ya uhamiaji ya serikali kuu, wameomba asiachiwe.

Ninachojua mimi ni kwamba uhamiaji Marekani ni kazi ya serikali kuu. Huyu wa kaunti kaingiaje? Ni sheria ya nchi, ni sheria ya jimbo, au ni utashi wa sherifu, yule mkuu wa askari wa kaunti? Nauliza kwa uchungu, lakini nataka kuelewa.

#2 Ndimu_Kavu
Pole sana mkuu. Tafuta kifungu cha 287(g). Kiliingizwa kwenye sheria ya uhamiaji mwaka 1996, enzi za Clinton. Kinaruhusu serikali kuu kusaini makubaliano na sherifu, au polisi wa jimbo, ili askari wake wafanye baadhi ya kazi za uhamiaji baada ya kufunzwa. Florida ndiyo ilitangulia kusaini, mwaka 2002.

Makubaliano yako ya namna tatu. Ya kwanza yanahusu jela: askari magereza wa kaunti anamhoji mahabusu kuhusu makaratasi yake na kuanza kumfungulia jalada. Ya pili ni nyepesi, yalianza 2019: askari anamkabidhi tu mahabusu hati ya ICE ya kumkamata. Ya tatu ndiyo ya barabarani, ambapo askari wa doria anaweza kukuuliza habari za uhamiaji hukohuko alikokusimamisha. Hiyo ilizimwa 2012 kwa sababu ya malalamiko ya ubaguzi wa rangi, ikafufuliwa Januari 2025.

Mwanzoni mwa 2025 makubaliano yote nchi nzima yalikuwa 135. Kufikia Septemba mwaka huohuo yalikuwa yamepita 1,000.

#3 Chege_wa_Lowell
Ndimu ameeleza poa, lakini tusimpoteze mwenye uzi. Hata kaunti ambayo haijawahi kusaini kitu, ukishapigwa alama za vidole pale jela umeshaonekana. Alama zinaenda FBI kukaguliwa kama una kesi nyingine, na FBI inazipitisha kwa idara ya usalama wa ndani. Mfumo ulianza 2008, na kufikia Januari 2013 ulikuwa umefika kila jela nchini. Sherifu hana swichi ya kuuzima.

ICE wakiona jina, wanatuma karatasi ya I-247A: mshikilieni saa 48 zaidi, tunakuja. Hapo sasa ndipo majimbo yanapotofautiana. Huku kwetu Massachusetts mahakama kuu ya jimbo ilisema mwaka 2017, kesi ya Lunn, kwamba sheria za jimbo hazimpi askari mamlaka ya kumshikilia mtu kwa karatasi hiyo peke yake. Georgia ni kinyume kabisa.

Kwa hivyo swali si "walimjuaje". Walimjua dakika aliyoweka kidole. Swali ni nani alikataa kumfungulia mlango.

#4 Mama_Shani_Houston
Jamani mnazunguka. Jibu ni JIMBO. Georgia wana sheria ya HB 1105, gavana Brian Kemp aliisaini Mei 2024, miezi michache baada ya yule mwanafunzi wa uuguzi, Laken Riley, kuuawa mjini Athens na mhamiaji aliyevuka mpaka bila kibali. Inamtaka sherifu aulize ICE kuhusu mahabusu ambaye si raia na aombe makubaliano hayohayo ya 287(g). Anayekaidi kwa makusudi anafanya kosa la jinai, na kaunti inaweza kukosa fedha za jimbo.

Sisi Texas tulitangulia. SB 4 ya 2017 inasema sherifu akikataa ombi la ICE, faini inaweza kufika dola 25,500 kwa siku na kiti chake anaweza kukipoteza. Mwaka 2025 ikaja SB 8: kila sherifu mwenye jela awe ameomba makubaliano kabla ya tarehe 1 Desemba 2026. Sasa hapo utashi wa sherifu uko wapi?

#5 Lori_Ndefu
Mama Shani, SB 4 si ndiyo ile iliyozuiwa na mahakama?

#6 Mama_Shani_Houston
Hapana mwanangu, hizo ni mbili zenye jina moja na zinawachanganya wengi. Ya 2017 inahusu kushirikiana na ICE, na inafanya kazi. Ya Desemba 2023 inawapa polisi wa Texas ruhusa ya kumkamata mtu aliyevuka mpaka kinyume cha sheria, kama kosa la jimbo lenyewe. Hiyo ya pili ndiyo iliyopigwa danadana mahakamani tangu 2024.

#7 Bwana_Bububu
Assalaam aleykum.

Sisi Wazanzibari hili halitupi tabu kulifahamu. Kwenye Katiba yetu uraia, uhamiaji na polisi ni mambo ya Muungano. Lakini SMZ, yaani Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar, ina vikosi vyake: KMKM (wa kuzuia magendo), Valantia, JKU. Sasa fikiria KMKM apewe karatasi na Dodoma, aambiwe kuanzia leo na wewe ni afisa uhamiaji. Utauliza: kaapa kwa nani? Akikosea namshitaki nani, Unguja au Bara? Hiyo 287(g) naiona vivyo hivyo. Mtu mmoja, kofia mbili, na wewe uliyekamatwa hujui kavaa ipi.

#8 Ndimu_Kavu
Bwana Bububu umegusa penyewe. Na kuna kitu cha ajabu kwenye historia yake.

Mwaka 1997 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kesi ya Printz. Haikuhusu wahamiaji hata kidogo, ilihusu bunduki. Sheria mpya ilikuwa inawataka masherifu wakague historia ya kila anayenunua bastola. Sherifu Printz wa Montana na mwenzake wa Arizona wakagoma: sisi si vibarua wa Washington. Mahakama ikakubali, hukumu ikaandikwa na Scalia, jaji wa mrengo wa kulia, kwamba serikali kuu haiwezi kumwamrisha afisa wa jimbo kuendesha mpango wake.

Hukumu hiyohiyo iliyoshangiliwa na wenye bunduki ndiyo ngao ya majimbo yanayokataa kushirikiana na ICE leo. Februari 2025 serikali kuu iliishitaki Illinois na Chicago, Julai jaji akaitupa kesi kwa hoja hiyo.

Lakini ngao hiyo ni ya jimbo dhidi ya Washington. Kaunti haina ngao dhidi ya jimbo lake. Jimbo likisema fanya, sherifu anafanya. Kwa hiyo Mama Shani yuko sahihi kwa nusu.

#9 Mama_Shani_Houston
Nusu gani tena Ndimu? Nipe yote.

#10 Ndimu_Kavu
Nusu, kwa sababu masherifu wengi walisaini kabla jimbo halijawalazimisha. Hao walitaka nini?

#11 Lori_Ndefu
Pesa. Naendesha lori majimbo 30 na kitu, napita miji ambayo jela ndiyo mwajiri mkubwa kuliko kiwanda. ICE wanalipa kaunti kwa kila kitanda kila siku mtu wao akilala pale. Tangu Oktoba 2025 wameongeza: askari aliyefunzwa kwa ile namna ya barabarani, serikali kuu inarudisha mshahara wake na marupurupu yote, na sehemu ya ovataimu. Na mafunzo yenyewe ni saa 40 kwenye intaneti. Wiki moja ya kukaa mbele ya kompyuta, kaunti inapata askari anayelipwa na mwingine. Mkuu wa kaunti maskini utamwambia nini?

Mimi mwenyewe nilisimamishwa mara tatu mwaka jana. Mara mbili waliniuliza mzigo. Mara moja aliniuliza nimezaliwa wapi kabla hata ya kuuliza mzigo.

#12 Kiboko_ya_Hoja
Si pesa, ni KURA. Sherifu anachaguliwa na wananchi, watu wa kwetu wanasahau hilo. Mtazameni Joe Arpaio wa Maricopa, Arizona. Alianza 1993 akakaa miaka 24, na kilichombeba miaka ya mwisho ni misako ya wahamiaji kwenye mitaa ya Walatino. Jimbo lake likatunga sheria yake kali ya uhamiaji, SB 1070, mwaka 2010. Baadaye akafungwa kwa kudharau mahakama.

#13 Chege_wa_Lowell
Kiboko, punguza mwendo. Arpaio hakufungwa. Julai 2017 alipatikana na hatia ya kudharau amri ya mahakama, na kabla ya kusomewa adhabu Trump akamsamehe, Agosti mwaka huohuo. Hakulala jela hata siku moja.

Na SB 1070 usiiache nusu. Juni 2012 Mahakama ya Juu ilifuta vifungu vitatu kati ya vinne vilivyofika mbele yake, ikisema jimbo haliwezi kujitungia makosa yake ya uhamiaji. Kilichobaki ni kile cha askari kuuliza hali ya makaratasi akiwa ameshakusimamisha kwa sababu nyingine. Kilichobaki ndicho kinachotusumbua mpaka leo.

#14 Kiboko_ya_Hoja
Nimekubali sahihisho Chege, asante. Hoja yangu bado imesimama lakini. Gwinnett na Cobb, hapohapo Georgia, wananchi walichagua masherifu wapya Novemba 2020, na Januari 2021 wote wawili wakaivunja 287(g). Kura ilifanya kazi.

#15 Mama_Shani_Houston
Na 2024 jimbo likapitisha sheria juu ya hiyo kura yako. Tumerudi kwangu.

#16 Kivu_Yetu
Bandugu jambo. Mimi niko mu Kentucky, Louisville, tulifika ku njia ya wakimbizi kutoka kambi ya Nyarugusu. Huku mji ulikuwaka nje ya mambo ya ICE tangu 2017. Julai 2025 meya alikubali tena jela ishike mutu saa 48 akiombwa, juu serikali kuu iliweka Louisville ku liste ya miji yenye kukataa na ilitisha mji. Alisema anakinga mji usiletewe misako mikubwa. Bengine banasema alifanya muzuri, bengine banasema alituuza. Mimi sijue.

Kitu naona: kwetu Kivu ku bariere unalipa, unapita. Hapa unaweza kuwa na karatasi zote, kosa lako ni taa ya gari, na hakuna mutu wa kulipa upite. Mama yangu haendeshe tena. Ana grinikadi, lakini anaogopa.

#17 Dada_Mwenge
Kivu, mwambie mama grinikadi aibebe. Sheria ya Marekani inamtaka kila mwenye miaka 18 na zaidi atembee nayo, wengi wanaifungia kabatini kwa kuogopa kuipoteza. Siyo fotokopi.

#18 Simba_Mzee
Hamieni California. Huko hakuna sherifu anayegusa mtu wa uhamiaji. Uzi ufungwe.

#19 Chege_wa_Lowell
Simba, hilo ni hatari kuliandika hivyo, mtu atalifuata. Sheria yao, SB 54 ya 2017, inawakataza askari wa huko kuwasaidia ICE, lakini imeacha milango. Mtu aliyetiwa hatiani kwa makosa mengi mazito, jela ya kaunti inaweza kuwaarifu ICE siku ya kumwachia. Magereza ya jimbo yenyewe hayamo kwenye katazo hilo, yanakabidhi watu kila mwaka. Na hakuna jimbo linaloweza kuwazuia ICE wenyewe kukusubiri nje ya nyumba yako. Hata huku kwetu Massachusetts, pamoja na hukumu ya Lunn niliyoitaja #3, idara ya magereza ya jimbo ilikuwa na makubaliano ya 287(g) kwa wafungwa.

Jimbo la kimbilio maana yake ni kwamba askari wa huko hatawasaidia ICE kazi. Zaidi ya hapo halikukingi.

#20 Simba_Mzee
Sawa, nimekuelewa. Lakini leseni wanatoa kwa kila mtu, na kesi ya binamu imeanzia kwenye leseni.

#21 Ndimu_Kavu
Hapo Simba ana hoja, tena nzito kuliko zetu zote. Majimbo 19 na Washington DC yanatoa leseni bila kujali makaratasi. Massachusetts walianza Julai 2023, Minnesota Oktoba 2023. Kwenye jimbo la namna hiyo binamu angepewa onyo la taa akaenda zake kulala. Georgia, kuendesha bila leseni hai ni kosa la kupelekwa jela, na jela ndiko alama za vidole ziliko.

Na tangu tarehe 30 Oktoba 2025 serikali kuu imeacha kurefusha vibali vya kazi wakati maombi yakisubiri. Zamani uliongezewa hadi siku 540. Wenye leseni zilizofungwa kwenye kibali wanaachwa kwenye shimo hilo. Nani alimtia binamu mashakani, ICE, sherifu, au ofisi ya leseni? Mimi naanza kuamini ni ofisi ya leseni.

#22 Mzalendo_Kagera
Tunawashangaa Wamarekani wakati sisi tuna mjumbe wa nyumba kumi. Mwaka 2013, Operesheni Kimbunga, Kagera, Geita na Kigoma, nani aliyeonyesha nyumba za "wahamiaji haramu"? Afisa uhamiaji kutoka mkoani hamjui mtu kijijini. Walionyesha viongozi wa mtaa na majirani. Bibi yangu alizaliwa Karagwe, baba yake alitoka Rwanda kabla ya uhuru. Alilala porini siku nne na kadi yake ya kura kiunoni. Jirani aliyemtaja walikuwa wanadaiana mpaka wa shamba.

Ndiyo maana kumpa mtu wa karibu kazi ya uhamiaji kunaniogopesha kuliko hata kumpa mtu wa mbali. Wa karibu ana visasi.

#23 Wanjiru_Mtaani
#22 nimesoma mara mbili. Pole kwa nyanya yako.

Sisi Kenya tulikuwa na Usalama Watch, Aprili 2014, Eastleigh. Polisi wa kawaida ndio walikuwa wanaitisha vitambulisho na kupeleka watu Kasarani uwanjani. Rafiki yangu Msomali, mzaliwa wa Garissa, kitambulisho anacho, alishikwa mara mbili wiki moja. Mara ya kwanza alitoa pesa. Mara ya pili hakuwa nazo. Na huko kwetu kaunti hazina polisi, ni kanjo tu, askari wa jiji. Polisi ni wa taifa. Kwa hivyo hata ukiwa na serikali moja inayosimamia yote, haikusaidii kama askari wa barabarani ndiye anaamua nani anafanana na mgeni.

#24 Lori_Ndefu
Turudi kwenye mada wakuu, ingawa #22 imenikaa kifuani.

#25 Mama_Shani_Houston
Hiyo ndiyo mada, Lori. Ghorofa ya juu yangu kuna dada, Mswahili mwenzetu, jina halitajwi. Mume anampiga. Jumapili moja nilisikia meza ikivunjika nikapanda. Nikamwambia tupige 911. Akanishika mkono: mume ndiye mwenye makaratasi, mimi sina, polisi wakija ataondoka nani? Sikupiga. Nimejilaumu mpaka leo. Nilimpeleka kwa mama mmoja wa kanisani akakaa wiki tatu, halafu akarudi.

Mimi si mwanasheria. Ila yule askari wa mtaa wetu, mtu mzuri kabisa, anayewafundisha watoto mpira, hawezi tena kupata habari kwenye jengo letu. Hakuna anayemfungulia.

#26 Dada_Mwenge
Mama Shani, mwambie huyo dada kuna viza ya U, ipo tangu sheria ya mwaka 2000, kwa walioumizwa na uhalifu wakasaidia polisi. Na kuna ombi la VAWA, sheria ya kuwalinda wanaopigwa majumbani, kama mume ni raia au ana grinikadi, ambalo analifungua mwenyewe bila mume kujua. Aende kwa wakili wa msaada wa bure, asiende kwa mthibitisha hati wa mtaani. Nakutumia ujumbe pembeni.

#27 Mama_Shani_Houston
Mungu akubariki mwanangu.

#28 Kiboko_ya_Hoja
Nitasema lisilopendwa. Kuna waliovunja nyumba za watu na kuuza dawa za kulevya, wakakamatwa, wakaachiwa na jela, wakarudia. Watu wa Georgia hawakuamka asubuhi wakachukia wageni. Sherifu akiwa naye mkononi, kwa nini amwachie ICE wamtafute tena mtaani kwa mtutu? Jela ni mahali salama pa kumkabidhi mtu.

#29 Chege_wa_Lowell
Kiboko, kwa huyo mvunja nyumba tunakubaliana, hata SB 54 ya California inakubaliana nawe. Tunayemjadili alikuwa na taa mbovu. Na tangu Januari 2025 kuna Sheria ya Laken Riley: mtu asiye na makaratasi akishtakiwa tu kwa wizi, hata wa dukani, ni lazima azuiliwe. Kushtakiwa, si kutiwa hatiani. Chujio lako limekuwa na matundu makubwa mno.

#30 Ndimu_Kavu
Mwana_Kigoma umekuwa kimya. Kuna jambo moja la msingi: dhamana ililipwa siku gani, saa ngapi? Na ICE walimchukua saa ngapi?

#31 Mwana_Kigoma
Nipo nasoma wakuu, asanteni. Nilikuwa nampigia mkewe simu kupata uhakika.

Dhamana ililipwa Ijumaa saa kumi jioni, risiti anayo. ICE walimchukua Jumatatu saa tatu asubuhi. Sasa yuko kituo cha kusini mwa jimbo, mwendo wa saa mbili na nusu kutoka nyumbani. Mtoto anauliza baba amekwenda kazi gani isiyo na kurudi.

#32 Chege_wa_Lowell
Saa kumi jioni Ijumaa mpaka saa tatu asubuhi Jumatatu ni saa 65. Karatasi inasema 48. Saa 17 za ziada kaunti ilimshikilia kwa mamlaka gani? Mwambie wakili wake LEO.

#33 Ndimu_Kavu
Chege taratibu. Fomu ya I-247A inasema isizidi saa 48, ndiyo. Lakini kanuni yenyewe ya serikali kuu, 8 CFR 287.7, inahesabu saa 48 bila Jumamosi, Jumapili na sikukuu. Ukihesabu kwa kanuni, Ijumaa ni saa 8, Jumatatu ni saa 9, jumla 17. Kaunti itasema haijavuka.

#34 Chege_wa_Lowell
Kwa hiyo karatasi waliyopewa kaunti inasema hivi na kanuni inasema vile. Sherifu alipewa karatasi, afuate karatasi.

#35 Bwana_Bububu
Na kama kaunti ile ina 287(g), askari wa jela alimkabidhi hati ya ICE palepale Ijumaa, basi tangu dakika ile hakuwa tena mahabusu wa kaunti. Nilisema mimi, kofia mbili. Mwulizeni mkewe kama alipewa karatasi yoyote yenye saini, na saini ya nani.

#36 Mwana_Kigoma
Anasema kuna karatasi moja kwenye bahasha ya vitu vyake, pamoja na mkanda na funguo za gari. Hakuisoma, alikuwa analia. Anaipiga picha sasa hivi. Nikiipata naandika hapa tarehe na saa, jina nitalifuta.